Mikato ya Kumpandisha Dada

Jumapili, 4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako tumeipata. Nimemsomea Mama mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa na pini mdomoni na hakuweza kucheka. Sasa yuko kwenye cherehani anamalizia sare za watoto wa jirani, na anasema nikuambie amefurahi mno. Mimi nimefurahi kuliko yeye. Kutoka ukumbi wa chini wa kiwanda kwenda ofisi ya juu! Ukiwa karani hutapiga brashi tena zile sahani za betri, wala hutakohoa.

Nimeelewa ulivyoeleza. Bosi wenu alirudishiwa ripoti yake ya Kiingereza na wanunuzi wa nje, imechorwa wino mwekundu kila mahali palipokosewa mkato, akaona aibu. Kwa hiyo anayetaka nafasi hiyo ya pili ya ukarani atapewa ukurasa mzima wa Kiingereza usio na mkato hata mmoja, mikato aiweke mwenyewe. Mtihani ni Aprili. Dada, huo mtihani ni wetu! Mwalimu wetu wa Kiingereza anapenda mikato kuliko watu wanavyopenda sukari. Nimemwomba ruhusa nikufundishe kwa barua, akasema vizuri, ila nisiruke hatua.

Tuanze na kanuni mbili rahisi.

Kwanza, vitu vikifuatana vitatu au zaidi, kila kimoja kitenge na mwenzake. “We bought salt, soap, and rice.” Wako wasioweka mkato kabla ya “and” ya mwisho, nao hawakosei, lakini Mwalimu anasema chagua njia moja uishike hadi mwisho wa ukurasa. Vikiwa viwili tu, “salt and soap”, usiweke kitu.

Pili, sentensi ikianza na maneno ya kutangulia, yale yanayoeleza lini, au kwa nini, au ikiwa nini, weka mkato pale yanapoishia. “When the bell rings, we go home.” Ukiigeuza, ukaanza na “we go home”, mkato unaondoka.

Tunga zako unitumie nizisahihishe. Tumia mambo ya hapo kazini, ndivyo yanavyokaa kichwani.

Mdogo wako akupendaye


Alhamisi, 15 Februari

Mdogo wangu, au niseme Mwalimu,

Marahaba. Nimesoma kanuni zako mbele ya wenzangu wa chumbani wakanicheka hadi mmoja akaanguka kitandani. Wanasema eti mtu mzima anafundishwa na mtoto mahali pa kuvutia pumzi. Aliyenitetea ni Mama Glavu peke yake. Huyu tunakaa naye meza moja. Hana mtoto, ila tunamwita Mama, na Glavu ni kwa sababu katika ukumbi mzima ni yeye tu anayevaa glavu, amejinunulia. Za kiwanda Bosi anatugawia wageni wakija kukagua, wakiondoka zinarudi kabatini. Aliwaambia, “Chekeni tu. Huyu akipanda juu, nyie mtabaki mnachekana na sahani.”

Kazi ni ileile. Sahani za betri, zile za madini ya risasi, zinakuja zimepangwa, tunazisugua kingo kwa brashi, tunazipanga tena. Vumbi lake ni la kijivu, laini kama unga. Jioni kila mtu anapewa glasi ya maziwa. Wanasema maziwa yanasafisha.

Sentensi zangu ni hizi:

“We wear boots, aprons, and scarves.”
“When we finish, we drink milk.”
“Because the fan is broken, we sit near the door.”
“We wash our hands, if there is water.”

Msalimie Mama, mwambie nakula vizuri.

Dada yako

Kikaratasi hiki usimsomee Mama. Tumbo linanikaza sana, kama mtu anakamua nguo. Na mdomoni nina ladha ya sarafu siku nzima, hata chai haiiondoi. Ni uchovu tu. Nikipanda juu yataisha. Nifundishe upesi.


Jumapili, 25 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Tatu za kwanza ni sahihi kabisa! Nilizipeleka kwa Mwalimu akaandika “vizuri sana” kwa mkono wake, nami nimeweka karatasi hiyo ndani ya kamusi isikunjike. Ya nne ndiyo yenye kosa. Kile kipande cha “if” kimekuja nyuma, kwa hiyo mkato hauna kazi pale. “We wash our hands if there is water.” Hiyo tu.

Kikaratasi sikumsomea. Lakini nenda zahanati.

Mama ameuliza mikato ni kitu gani hasa. Nikamwambia wengine husema ni mahali pa kupumua. Akasimamisha cherehani. “Basi hao Waingereza walikuwa na pumu,” akasema. “Sentensi moja mtu anapumzika mara tatu, utadhani anapanda ngazi na ndoo kichwani.” Nilicheka, lakini Mwalimu anatukataza kutegemea pumzi. Anasema pumzi ni mdanganyifu, kila mtu ana yake. Tafuta nani anatenda na anatenda nini, ndipo uamue.

Kwa hiyo kanuni ya tatu. Sentensi mbili kamili, kila moja ina mtendaji wake na tendo lake, zikiunganishwa na “and”, “but” au “so”, weka mkato kabla ya hicho kiungo. “I called her, but she did not answer.” Upande wa pili ukikosa mtendaji wake, usiweke. “I called her and waited.”

Na ya nne: ukimwita mtu, mtenge. “Mother, the water is hot.” Usipotenga, anachanganyika na sentensi kana kwamba hayupo chumbani.

Nina jambo moja nilitaka kukuambia usoni, lakini siwezi kungoja. Nikimaliza mtihani wangu mwezi wa Mei nitakuja huko kwako. Nimeshamwambia Mama, hajakataa. Nitafanya kazi kidogo hadi majibu yatoke, tutakaa chumba kimoja, na kama nimefaulu nitaondoka kwenda shule ya juu nikiwa na viatu vipya. Kiingereza changu ni kizuri, Mwalimu anasema ndicho bora darasani. Waambie wakubwa wako.

Mdogo wako


Jumapili, 10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimezipata kanuni.

Habari ya kuja huku usiiandike tena. Usiiseme, usiitaje, wala usimtie Mama moyo. Nimesema, na mimi ndiye mkubwa.

Hapa hatujambo. Kazi ni nzuri na wakubwa wanatujali.

Nieleze tena ile ya sentensi inayoanza na “when”. Mkato unakaa mbele au nyuma? Najua uliniandikia. Nimeisoma asubuhi, mchana haipo kichwani.

Usishangae mwandiko, kalamu ni mbovu.

Dada yako


Jumatano, 20 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi, Mama akaniuliza kama nimeruka mahali. Safari hii sikuruka, yenyewe ndiyo ilikuwa hivyo. Akasema labda una kazi nyingi, kisha akashona mfuko wa kaptula upande usio wake, ikabidi aufumue.

Sikujua kama kusema nitakuja kungekuudhi. Nisamehe. Nilidhani ungefurahi.

Ile ya “when” naieleza upya bila taabu, Mwalimu anasema anayerudia hapotezi kitu. Ukianza na “when”, maliza kwanza maneno yake yote, weka mkato, ndipo uingie kwenye sentensi kubwa. “When the rain stops, we will walk.” Mfano wako wa maziwa ulikuwa hivyohivyo, na uliupatia peke yako. Ndiyo maana nilishangaa kidogo ulipouliza.

Ya tano ndiyo ngumu, isome ukiwa umetulia. Ukiongeza maelezo katikati ya sentensi, maelezo ambayo hata yakiondolewa tutajua bado unamsema nani, yazungushie mikato miwili, mmoja kila upande. “My sister, who works far away, writes to me.” Nina dada mmoja, kwa hiyo hata nikiondoa hilo la kufanya kazi mbali, kila mtu anajua ni wewe. Ningekuwa na madada wengi nisingeweka mikato, maana ningekuwa namchagua mmoja kati yao.

Na ya sita, ambayo Mwalimu huigongea meza: usitenge mtendaji na tendo lake kwa mkato mmoja. “The women work” ni kitu kimoja, usikikate shingo.

Hizo sita zinatosha. Nimemuuliza Mwalimu kama ukurasa wa mtihani wenu unaweza kuwa na zaidi, akasema mtu akizishika hizi hakuna ripoti ya kumshinda. Umebakiwa na wiki chache, Dada. Nakuona umeketi juu, dirisha liko wazi, karatasi ni nyeupe, hakuna vumbi.

Je, ulienda zahanati?

Mdogo wako


Jumapili, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtihani tumefanya. Nimeshindwa.

Usiulize. Nimebaki mezani kwangu na sina kinyongo na mtu. Kazi ni nzuri.

Wewe soma. Fikiria mtihani wako, basi.

Msalimie Mama. Nakula vizuri. Msalimie Mama.

Dada yako


Jumatatu, 22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Umeniambia nisiulize lakini nitauliza, ukasirike ukitaka.

Ulishindwaje? Nilikuwa na sentensi zako hapa. Zilikuwa sahihi! Niliwaonyesha wenzangu darasani nikasema huyu ni dada yangu, ameacha shule miaka yote hii ili mimi nisome, na ona. Juzi Mwalimu aliniuliza matokeo mbele ya darasa zima nikasema bado, nikadanganya. Sijawahi kumdanganya Mwalimu.

Au hukusoma? Niambie ukweli. Nimekuwa nikikuandikia kwenye meza ya kukatia nguo huku Mama akinisukuma kiwiko, nikitafuta mifano ambayo ungeipenda, na wewe labda ulikuwa unaziweka barua chini ya godoro. Mama naye ameacha kuimba akishona. Ulisema ukipanda juu tumbo litapona. Sasa litaponaje?

Sikukusudia kuandika kwa ukali. Nimesoma tena nikaona ni kali, lakini sina karatasi nyingine.

Mdogo wako


Jumanne, 30 Aprili

Kwa Mzazi wa mfanyakazi wetu wa meza ya sahani,

Salamu. Kwa niaba ya uongozi, tunapenda kukupongeza kwa malezi mema. Binti yako mkubwa amekuwa mtulivu na mtiifu kwa muda wote aliokuwa nasi.

Siku za karibuni binti huyo ameonyesha dalili za uchovu na kasi yake ya kazi imepungua. Si jambo la kukutia wasiwasi. Ni utaratibu wetu kwamba kiti hakikai wazi, na kwamba mwenye haki ya kwanza ya kukikalia ni ndugu wa damu wa aliyekuwepo. Kwa njia hii kiwanda kinabaki kuwa familia.

Tumefahamu kuwa unaye binti wa pili, anayemaliza mtihani mwezi Mei, mwenye Kiingereza kizuri sana. Tungependa afike mara baada ya mtihani huo. Atapewa kitanda na glasi ya maziwa kila siku. Akiwa na bidii, haichukui muda mrefu mtu kama yeye kupandishwa juu. Nafasi ya karani wa pili bado haijapata mtu.

Nauli imeambatanishwa.

Karani wa Kiwanda


Jumatatu, 6 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo! Umeshasikia? Karani wenu ametuandikia! Mama amenituma kwa jirani nikaisome barua mbele ya mashahidi, maana hakuamini kama kiwanda kinaweza kumpongeza mtu kwa “malezi mema” bila kumdai kitu.

Naomba msamaha kwa barua yangu iliyopita. Sasa naelewa, ulikuwa umechoka tu, karani mwenyewe amesema. Mtu aliyechoka hawezi kuweka mikato. Ningejua nisingekugombeza.

Wamesema nichukue kiti chako. Mimi nimefikiri hivi: nitafanya kazi ya chini kwa muda mfupi wakati wewe unapumzika. Jioni nitakufundisha upya kanuni zote sita, uso kwa uso, mtihani wa ukarani urudiwe, na safari hii utafaulu. Najua ulinikataza kuja. Lakini sasa si mimi ninayeomba, ni wao wanaoita, na Mama amekubali. Amenikatia gauni la safari, kitambaa cha buluu alichokuwa amekificha tangu mwaka jana. Bado mikono haijashonwa.

Sijui tu wamejuaje habari ya mtihani wangu na Kiingereza changu. Umewasifia dada mdogo, eh? Mwalimu hakufurahi sana, aliuliza maziwa ni ya nini.

Tutaonana mwisho wa mwezi.

Mdogo wako


Jumatano, 15 Mei

Mwanangu,

Hunijui, ila jina langu la utani umelisikia. Ni mimi mwenye glavu. Barua hii anaileta dereva wa lori la betri kuukuu, mtu wangu wa siku nyingi, hasemi na hauzi siri. Usijibu kwa posta. Mjibu yeye mkononi.

Barua zote hapa hupitia juu. Karani anazifungua anazisoma, halafu anazigandisha upya kwa gundi ya karatasi, hata aibu hana. Ile uliyosema unakuja, aliisoma yeye kwanza. Siku hiyo alishuka ngazi akiimba, akamwambia dada yako mezani mbele yetu, “Kumbe mna mtoto anayejua Kiingereza, mbona unatuficha?” Na tumbo, je? Alimuuliza, “Tumbo limeacha kukamua?” Ndipo dada yako alipojua kwamba hata kile kikaratasi kilisomwa. Kuanzia hapo aliandika kama mtu anayehojiwa. Usimwone mkavu.

Sasa nikueleze ya kiti. Hapa mtu akipanda juu, lazima alete ndugu yake wa damu akae chini mahali pake. Si ombi. Aliye juu ndiye anayeandika zile ripoti kwamba hewa ni safi na wafanyakazi wana afya. Ndugu yake akiwa chini anavuta vumbi, aliye juu hafungui mdomo kwa mtu yeyote. Karani mwenyewe ana kaka yake meza ya tatu. Kaka huyo hawezi tena kufunga vifungo vya shati. Karani humfunga kila asubuhi halafu anapanda ngazi kwenda kuandika.

Sisi sote tunaujua utaratibu huu. Dada yako aliujua wiki chache tu kabla ya mtihani. Nikamwambia, “We binti, pita tu, tutatafuta ujanja.” Akanitazama. “Ujanja upi, Mama? Nikipita, kiti ni chake.” Akaingia kwenye mtihani akashindwa kwa hiari yake. Alirudi anacheka, nikadhani tumewaweza.

Hatukuwaweza. Kiti kinaita ndugu mtu akipanda, na kinaita ndugu mtu akianguka. Hilo la pili sikulifikiria, mjinga mimi.

Mkono wake wa kulia umelegea kwenye kifundo, unaning'inia kama kitambaa kilichoanikwa. Ufizi wake una mstari wa buluu, ndiyo sumu ya hilo vumbi la risasi. Hilo nimeliona kwa wengine, na sitaki kukuambia walienda wapi. Mezani bado wanamweka, wanasema akae hadi mwenzake afike.

Usije kukaa kwenye kile kiti. Chana hilo gauni kama ni lazima. Yeye ana maneno yake, nimemshikia karatasi akaandika, nimeyaweka humuhumu ndani.

Mama Glavu


Jumatano

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama Glavu amekwisha sema yote, mdomo wake huo. Naandika polepole, mkono mmoja umeubeba mwingine.

Barua zako hazikuwa chini ya godoro. Nazivaa. Ziko ndani ya blauzi, zimechakaa kwa jasho.

Kuna kitu kimoja Mama Glavu hakijui, nakuambia wewe peke yako kwa sababu wewe ndiye mwenye somo.

Ukurasa ule ulikuwa mrefu. Mistari ya juu niliiharibu kwa makusudi. Niliweka mikato ovyo, mtendaji nikamkata shingo, hata “salt and soap” ningeikata kama ingekuwepo. Nilikuwa nacheka moyoni. Nilipofika katikati nikaona yametosha, hapa sipiti tena hata nifanyeje. Mistari ya chini nikaiandika vizuri, kanuni zote sita, kwa utaratibu, nikitafuta nani anatenda na anatenda nini. Nilitaka karani aone kwamba nilikuwa na mwalimu. Nisionekane mtu ambaye hakufundishwa.

Jioni karani aliniita. Akaniuliza, “Ulikuwa umelala?” Nikamwambia atazame chini. Akasema chini ndiyo pabaya kuliko juu.

Nilidhani ananidhihaki. Akanipa karatasi nitazame mwenyewe. Nikaitazama muda mrefu. Mdogo wangu, mimi niliona iko sawa. Nimenakili mistari mitatu nikakuwekea hapa, kama ilivyokuwa kwenye karatasi:

“The workers wear, gloves masks and, boots.”
“When the visitors come the, windows are open.”
“Our women, are healthy and they, drink milk every day.”

Nimeisoma tena sasa hivi. Bado naona iko sawa. Mama Glavu hajui Kiingereza, siwezi kumuuliza, na karani simwamini.

Niambie wewe. Ziko sawa, sivyo?

Usije. Fanya mtihani wako. Msalimie Mama. Usije.

Dada yako


Jumatatu, 20 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hii anakuletea dereva, na mimi na Mama tuko nyuma yake kwa basi la kesho.

Jana nilimsomea Mama barua zako zote tangu ya kwanza, na kile kikaratasi, bila kuruka neno. Nilipofika penye mkono alisema, “Rudia hapo.” Nikarudia. Akainuka, akalitoa lile gauni kwenye cherehani, akakunja kitambaa, akaniuliza basi la kwanza linaondoka saa ngapi. Hajalia. Afadhali angelia, maana amekuwa akizungukazunguka na mkasi mkononi na hakuna anachokata.

Nauli ya karani ndiyo itakayotuleta. Mama anasema watatulipia njia ya kukuchukua na hawatajua.

Mtihani wangu unaanza Jumatano, nami nitakuwa huko kwako. Mwalimu anafahamu tunakokwenda. Aliponisikiliza hakugonga meza, alifunga mlango wa ofisi akaniandikia jina la daktari mmoja anayemjua, akasema huyo atatupokea tukirudi na wewe. Usinigombeze. Nimejaribu kukutii nikashindwa.

Sasa sikiliza. Jumatano hiyo usiende mezani. Hata wakikuita kwa upole, hata karani akishuka mwenyewe. Mwambie Mama Glavu akutoe kwa lango la malori, mkae kivulini mtungoje. Mimi sitaingia ndani, nakuahidi, sitavuka lango. Ataingia Mama ikibidi. Na ukiniona usiniite mdogo wako mbele ya mtu. Sema ni mtoto wa jirani aliyemsindikiza Mama.

Barua zangu ziache ndani ya blauzi hivyohivyo. Usiandike tena, upumzishe mkono.

Kuhusu zile sentensi. Nimezisoma polepole, moja baada ya nyingine, kama Mwalimu anavyotaka. Ziko sawa, Dada. Sijaona hata moja ya kusahihisha.

Mdogo wako